Fundi Rangi na Maneno ya Ubavuni

Ukimwendea Fundi Rangi na neno lako, hakuulizi unataka rangi gani. Anaweka kikombe cha chai mchangani, anakutazama juu ya miwani yake iliyofungwa waya sikio moja, anakuuliza, "Hilo neno umelitoa wapi?" Ukimjibu umelisikia redioni, anaguna. Ukimwambia ni la bibi yako, anasimama kabisa na kukupa mkono. Ukisema hujui, basi tafuta pa kukaa, maana asubuhi yako imeshakwenda.

Nimemjua mzee huyu miaka kumi na sita, tangu nilipoanza biashara ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, boti zinaposhushia samaki. Jina lake la kwao nalijua ila silitaji, kwa sababu hata mkewe anamwita Fundi. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo sikuwahi kuuliza, na yeye, mtu wa kuuliza kila neno lilikotoka, hakuwahi kusema yeye ametoka wapi. Mimi ni Mama Rehema, nakaa Gungu, nina boti moja, na mdomo wangu unajulikana kuliko hiyo boti. Namsimulia Fundi kwa sababu mkono wake ulikuwamo katika ugomvi wangu na dada yangu, ugomvi uliotuweka bila salamu karibu miaka miwili. Nitafika huko. Kwanza mjueni mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuandika majina na misemo ubavuni mwa boti. Kwetu boti isiyoandikwa kitu huitwa bubu, na mvuvi anayejiheshimu hapandi bubu. Lakini boti haiandikwi siku yoyote tu. Dagaa tunawavua kwa taa, gizani. Mwezi ukipevuka taa zetu hazina kazi, dagaa wanatawanyika, na boti zinavutwa mchangani zipumzike siku kadhaa. Siku hizo tunaziita mbalamwezi, hata kama ni saa sita mchana na jua linakuchoma utosi. Nyavu zinashonwa, mbao zinapigwa kalafati, wavuvi wanalala mpaka wanavimba macho, na Fundi Rangi ndipo anapovuna.

Alikuwa na namna yake ya kuandika. Anavuta uzi uliopakwa chaki, anachora herufi kwa kaa la betri kuukuu, kwa wepesi kiasi kwamba ukiwa hatua tano huoni kitu. Halafu anaanza kupaka rangi kutoka herufi ya mwisho, anarudi nyuma mpaka ya kwanza. Nilimuuliza sababu.

"Mama Rehema, nikianzia mwanzo watasoma waondoke," akasema. "Nikianzia mwisho watakaa."

Na kweli walikaa. Wapagazi, wauza chai, wanunuzi kutoka Kasulu, wote wanakusanyika kubashiri. Anayepatia anapewa chai ya Fundi, ile iliyopoa mchangani. Wanatokea watu wa ajabu hapo. Kulikuwa na mpagazi mmoja Mrundi, kusoma kwenyewe ni kwa kuungaunga, ambaye kila boti alikuwa anabashiri neno moja tu: "Mungu!" Tulimcheka weee. Lakini hesabu boti za Kibirizi uone, *Mungu Mkubwa*, *Mungu Akipenda*, *Yote kwa Mungu*. Yule bwana alikunywa chai kutuzidi wote.

Sasa tuje kwenye asili za maneno, maana huko ndiko alikokuwa hashikiki. Alikuwa anasema neno ni mgeni, usimkaribishe ndani kabla hujamuuliza anatoka wapi. Aliniambia meza ni ya Wareno. Nikamwambia, Wareno gani hao waliofika Ujiji? Akasema, "Wao hawakufika, meza yao ilifika." Aliniambia Mjerumani alituachia maneno mawili, shule na hela, akahakikisha ukilikosa la pili unahangaika na la kwanza. Na siku padri mmoja alipokuja na boti ya parokia, Fundi alimweleza bila haya kwamba gereza, hili la kufungia wezi, lilianzia kwenye neno la Wareno la kanisa. Sisi tukainamisha vichwa. Padri akacheka mpaka akashika ubavu wa boti, rangi mbichi ikamganda kiganjani. "Ndiyo maana wengine wanatoroka kabla ya mahubiri," akasema. Kuanzia siku ile kila padri yule akipita mwaloni lazima apitie kwa Fundi kuuliza kama kuna jipya.

Hayo yalikuwa ya kweli, nimewahi kumuuliza mwalimu akathibitisha. Lakini, jamani, mzee huyu alikuwa mwongo pia! Ukweli na uongo alivichanganya kwenye sufuria moja, na alikuwa anapakua kwa uso uleule. Wageni kutoka Dodoma waliwahi kumuuliza kwa nini samaki wetu anaitwa mgebuka. Akawaambia ni kwa sababu ukimkaanga upande mmoja, ukiiva, anageuka mwenyewe kwenye kikaango. Wale watu wakaandika! Mama mmoja wa Kalinzi aliyekuwa ananunua dagaa akashindwa kuvumilia.

"We mzee ni mwongo!"

"Ego, ndiyo, ni mwongo," akamjibu kwa Kiha, kwa upole kabisa. "Lakini leo jioni utamkaanga bila kunikumbuka?"

Mimi mwenyewe mpaka leo nikigeuza mgebuka namkumbuka, na namtukana kidogo. Jina la Kigoma lenyewe alikuwa na asili zake tatu: moja ya wageni wa serikali, moja ya watoto wa shule, moja ya Wakongo wanaovuka ziwa kuja kununua bidhaa. Nilizisikia zote tatu wiki moja nikambana. Hakutikisika. "Mji mkubwa hauwezi kuwa na asili moja," akasema. "Wewe chukua unayoipenda." Neno moja tu ndilo lililomshinda. Nilimuuliza dagaa limetoka wapi, nikijua atanitungia kitu. Akaifuta miwani yake, akasema, "Hilo sijui." Nilimheshimu sana siku ile.

Kitu kilichokuwa kinamuudhi ni watu kuchekana kwa maneno. Vijana wetu walikuwa wanamcheka mnunuzi mmoja wa Kongo kwa sababu badala ya "ninakuja" alikuwa anasema "ninakuya". Kila akifika, wanamwimbia, "Anakuya! Anakuya!" Fundi akashuka kwenye kigoda chake, brashi mkononi. "Kuja na kuya ni watoto wa mama mmoja," akawaambia. "Mmoja alibaki ng'ambo ya ziwa, mmoja akaja huku. Sasa nyinyi mnamcheka ndugu yenu kwa kubaki nyumbani?" Wimbo uliishia hapo. Yule Mkongo kila safari baada ya hapo alikuwa anamletea Fundi kitenge cha kumpa mkewe.

Msidhani lakini alikuwa mtu wa maneno ya kale peke yake. Vijana wa bodaboda walikuwa marafiki zake wakubwa, na neno jipya la mjini likishuka Kigoma, yeye analo kabla ya sisi. Alijua mchongo, alijua chawa, alijua kula kona. Alikuwa analijaribu kwa brashi ukutani mwa banda lake, analitazama kwa kichwa kilichoinama, kisha anasema, "Hili litaishi," au, "Hili halifiki Krismasi." Kijana mmoja aliyenunua boti yake ya kwanza alitaka iandikwe *Nitatoboa*, kwa maana ya kufanikiwa, kama wanavyosema siku hizi. Fundi akaweka brashi chini.

"Utatoboa nini?"

"Maisha, mzee!"

"Maisha katoboe nchi kavu. Kwenye boti yangu mimi siandiki tundu."

Walibishana mpaka adhuhuri. Mwisho akaliandika lile neno bure kwenye kipande cha mpira wa kuzuia matope cha pikipiki ya kaka yake, na boti ikaandikwa *Taratibu Ndiyo Mwendo*. Kijana alinuna wiki nzima, ila boti yake haijawahi kuingiza maji.

Na huyu mtu aliyeandika boti zote za mwalo, ziwa alikuwa analiogopa. Kweli tena. Miaka kumi na sita sijawahi kumwona ameingia maji yakapita magoti. Boti ikielea, hata kama kuna herufi moja imebaki, haendi. Mwivute mpaka mchangani. Ameandika *Jasiri Haachi Asili* sijui mara ngapi, miguu yake ikiwa kavu. Kingine: huyu aliyetushibisha maneno mchana kutwa, nyumbani alikuwa hasemi. Mkewe aliniambia, "Wenzangu mnamfaidi. Kwangu maneno anatoa kama dawa, moja asubuhi, moja jioni." Nilimuuliza mwenyewe kama ni kweli. Akasema ni kweli, na kwamba mkewe anaongea vizuri kumzidi, basi yeye anakwenda nyumbani kusikiliza.

Haya, dada.

Dada yangu amenipita miaka tisa. Kule kwetu Kalinzi, mama akiwa shambani kwenye kahawa, aliyenibeba mgongoni ni yeye. Aliyenishusha Kibirizi, akanionyesha dagaa wanaanikwa vipi wasivunjike vichwa, ni yeye. Alikuwa na boti mbili kabla mimi sijawa na beseni. Na alikuwa na nahodha mmoja, mtu mpole, anayesoma maji kuliko wote, na mimi nilipopata boti yangu nikamtamani nahodha yule. Nikamwita pembeni. Nikamwahidi nyavu mpya na taa mpya. Akahamia kwangu. Dada aliponiuliza nikamtazama usoni nikasema, "Amekuja mwenyewe."

"Haya," akasema dada, basi.

Wiki mbili baadaye ikawa mbalamwezi, na dada alikuwa na boti mpya ya kuandikwa. Nikaenda kutazama kama wote, na maandazi yangu mkononi. Fundi akaanza kutoka mwisho, kama kawaida yake. Ikatokea MWAKO. Watu wakapiga kelele, "Moyoni mwako!" "Machoni mwako!" "Mungu!" akasema yule Mrundi. Fundi akaendelea kurudi nyuma, herufi moja moja, ikatokea NGUONI. Mimi sikuhitaji zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako! Mimi ndiye kunguni. Mimi ndiye chawa wa dada yangu, na nimeandikwa kwa rangi nyekundu mwalo mzima usome. Nikaona kila mtu ananitazama. Labda hakuna aliyenitazama, sijui. Maandazi nikayamwaga.

Mwalo wetu ndivyo ulivyo. Boti ya mtu ikiandikwa, kila mmoja anatafuta amesemwa nani, na mwenye lake moyoni ndiye anayepata haraka. Kesho yake nilikuwa kwa Fundi asubuhi. Nilitaka aniandikie *Nyani Haoni Kundule*. Akakataa. "Boti inabeba watu wenye mama zao," akasema. "Tafuta neno lililovaa nguo." Tukapatana *Hasidi Hana Sababu*.

Mbalamwezi iliyofuata dada akajibu: *Zimwi Likujualo Halikuli Likakwisha*. Mwalo ulicheka siku mbili. Mimi nikampigia mama simu Kalinzi, nikijifanya namsalimu, kumbe namchimba misemo. Nikarudi na *Ukiona Vyaelea Vimeundwa*. Hivyo hivyo, mwezi kwa mwezi. Tukawa burudani. Watu walikuwa wanashuka kutoka Gungu kwa bodaboda kuja kuona "dada mtu kajibu nini." Binti yangu Rehema akasema, "Mama, si muweke tu status wasapu kama wenzenu?" Nikamfukuza jikoni. Status inafutika kesho yake. Mimi nilitaka litembee ziwani mwezi mzima.

Na katika hayo yote mimi na dada hatusalimiani. Tunaanika dagaa hatua thelathini, kila mtu na mgongo wake. Mimi mdogo ndiye wa kusema shikamoo, mkubwa haanzi, hiyo kila mtu anaijua. Na mimi nikasema sitoi shikamoo yangu kwa mtu aliyeniita kunguni. Usiseme ilikuwa rahisi. Sikukuu ya kwanza niliipitisha nikipika chakula kingi kupita watu waliokuwapo, kwa mazoea, halafu nikakaa nikakitazama.

Neno la mwisho la dada lilikuwa *Damu Nzito Kuliko Maji*. Nililisoma nikasema ananidhihaki. Nikajipanga kumjibu mbalamwezi inayofuata, lakini mbalamwezi ilipofika, kigoda cha Fundi kilikuwa kitupu. Macho yamemsumbua, tukaambiwa, amekwenda na mkewe kukaa kwa binti yao Ujiji. Banda likashikwa na kijana mwenye mashine ya kuchapa stika. Unamtajia neno, anabonyeza, linatoka lote mara moja, hakuna wa kubashiri chochote. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Boti yangu ikabaki na jibu la zamani. Mbalamwezi ya nne nikaona hapana, nikapanda bajaji nikamfuata Ujiji. Nilitaka anitafutie neno moja kali, la kufunga mjadala.

Nilimkuta barazani, kofia kichwani, miwani hana tena. Nilipobisha hodi akageuza uso kabla sijamaliza.

"Mama Rehema. Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, Fundi. Pole na macho."

"Marahaba. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Uzee wote huu nimejaliwa mapacha." Akacheka mwenyewe. Binti yake alikuwa ameshaandikisha jina lake hospitalini, wanangoja siku ya kupasuliwa. "Ila hakuna anayeniambia kwa nini wanamwita mtoto," akaongeza. "Nimemuuliza daktari, ananiambia mzee tulia."

Nikamweleza shida yangu. Akaniuliza nataka kujibu neno gani. Nikamwambia, *Damu Nzito Kuliko Maji*.

"Hilo nalo ni la kujibiwa?" akasema.

Akaanza kuvutavuta uzi wa kanzu yake, na mimi nikajua kuna kitu, maana sijawahi kumwona Fundi Rangi hana la kusema mbele ya mtu wa mwaloni.

"Lile la kwanza," akasema mwishowe. "Kikulacho. Lile halikuwa la dada yako."

"La nani?"

"Langu. Dada yako aliniambia, 'Fundi, andika lolote zuri, mimi nakimbilia dagaa, mvua hiyo.' Alfajiri ile nilikuwa nimelisikia kwa mzee mmoja msikitini, nikalipenda. Lile *ki* dogo pale katikati, limekaa peke yake na linafanya kazi ya neno zima. Nikasema leo lazima nilione kwenye mbao. Wewe sikukufikiria hata chembe, mwanangu. Hata hayo ya nahodha nilikuja kuyasikia baadaye."

"Na miaka miwili umekaa kimya?"

"Nilikuwa nafurahi," akasema. Hakujitetea. "Wanawake wawili wana akili, wanatafuta maneno mpaka kwa mama yao mlimani, halafu wanayaleta kwangu niyaandike. Kila mara nilijiambia, mwezi ujao nitasema. Mwezi ujao ukifika, mmoja wenu analeta neno tamu kuliko la kwanza. Nilikosa, Mama Rehema. Nisamehe."

Nilisimama. Niliyomwambia pale sitayaandika, yeye ni mtu mzima na binti yake alikuwa anasikia jikoni. Nilifika mpaka barabarani. Kisha miguu ikagoma, kwa sababu kitu kimoja kilikuwa kinanichoma na hakikuwa cha Fundi. Boti arobaini zimevutwa pale mwaloni, zote zina maneno. Mbona lile moja ndilo lilinipata? Nikarudi, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia ambacho nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata Rehema: nahodha hakuja mwenyewe. Nilimwita. Nilimdanganya dada yangu mchana kweupe.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi mimi nilipaka rangi tu," akasema. "Kidonda kilikuwapo."

"Nitafutie neno la kumwomba radhi," nikamwambia. "Yule kijana wa stika atalichapa leo leo."

"La radhi haliandikwi ubavuni." Akaanza kupapasa chini ya kiti. "Nipe kandambili zangu. Tunakwenda."

Tukaenda, mimi na yeye ndani ya bajaji, mkono wake umeshika mkono wangu. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba. Nilikuwa na mwanzo mzuri, nilikuwa na kumbukumbu za Kalinzi katikati, nilikuwa na mahali pa kulia. Yeye aliuliza tu tumefika wapi.

Ilikuwa mbalamwezi na mwalo umejaa boti zilizolala. Dada alikuwa kwenye vichanja vyake, anageuza dagaa, ametupa mgongo. Fundi akasimama hatua kumi nyuma. "Mimi naishia hapa," akasema. "Sitasema neno, nimeshasema ya kutosha mwalo huu."

Nikasogea. Hotuba yote ikayeyuka. Mgongo wa dada umepungua, niliona, na kitenge alichojifunga ni kile tulichonunua wote wawili siku moja.

"Shikamoo, dada."

Mikono yake ilisimama. Hakugeuka.

"Marahaba," akasema.

"Dada, nahodha hakuja mwenyewe. Nilimwita mimi. Nilikudanganya."

"Najua. Aliniaga siku ileile, ni mtu mwenye adabu." Akageuza dagaa wawili watatu ambao walikuwa wameshageuzwa. "Nilikuwa nangoja uniambie. Halafu ukaanza kuniandikia hasira, nikasema na aandike, afadhali hivyo kuliko kimya."

"Nisamehe, dada."

Hapo ndipo alipogeuka, na uso wake wote ulikuwa umelowa.

"Miezi minne hujaniandikia," akasema. "Kila mbalamwezi nakuja kuangalia boti yako, neno ni lilelile. Nikajua unaumwa. Nikawa nalala sijui unaumwa nini, na mimi mkubwa, nianzie wapi kukuuliza?"

Nilimshika tu, kitenge chake kinanuka dagaa na moshi, na yeye akanishika, tukalia pale kama watoto, mwalo mzima ukitutazama na hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kusema. Nyuma yetu Fundi Rangi, aliyekuwa ameapa kunyamaza, uvumilivu ukamwishia.

"Jamani, semeni kwa sauti!" akapiga kelele. "Mimi sioni!"

Dada ndiye aliyeanza kucheka.